Safari Isiyo ya Msiba Wala Harusi

Mimi na mume wangu tumesafiri sana katika maisha yetu ya ndoa. Tumekwenda Songea kuzika, Moshi kuoza, Mwanza kuuguza, na Dar es Salaam kufuatilia mafao ya marehemu baba mkwe. Tumepanda mabasi ya alfajiri na kushuka usiku wa manane, daftari la michango likiwa ndani ya mkoba. Kila safari ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa ya watu wengine. Kutoka nyumbani sisi wawili kwa kuwa tu tunapenda kuwa pamoja, hilo halikuwamo katika hesabu zetu. Kwetu, mke na mume wakionekana stendi na begi moja, jirani atasogea na kuuliza kwa upole, “Kwema? Kuna nini huko mwendako?”

Natoa ushuhuda huu kwa sababu safari ya namna hiyo ilitufikia tukiwa tumeshapita umri wa kuitarajia, na imebadilisha nyumba yetu. Tulizunguka Ufaransa kwa treni, majira ya kiangazi, taratibu, bila mtu wa kumzika wala wa kumwoza.

Mimi ni mkunga katika hospitali ya serikali mjini Morogoro. Mume wangu anafundisha jiografia katika shule ya sekondari, na hata nyumbani namwita Mwalimu, kama mtaa mzima unavyomwita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka. Siku hizo tulikuwa tunazichukua, ila hatukuwahi kuzionja. Ziliishia kwenye tofali na nondo za nyumba tunayojenga, kwenye palizi ya shamba, na kwenye vikao vya harusi za wapwa. Nilikuwa narudi wodini nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Ndani ya nyumba hatukuwa na ugomvi. Tunaheshimiana, tunasali pamoja, tumelea watoto wakakua. Lakini mazungumzo yetu yalikuwa yameshageuka kikao kisichofungwa: ada, saruji, umeme wa LUKU, nani kalazwa, nani hajatoa mchango. Nikiwa zamu ya usiku, yeye yuko nyumbani. Nikirudi asubuhi, yeye anafunga kamba za viatu aende shule. Tulikuwa tunapishana mlangoni kwa salamu njema na maagizo.

Binti yetu wa kwanza anafanya kazi Lyon. Alipopata uwezo alipiga simu akasema, “Mama, safari hii hamji kunilelea mtoto wala kunipikia. Mje mtembee.” Nikamuuliza, “Tutembee kwa nani?” Akajibu, “Si kwa mtu, mama. Wewe na baba tu.” Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, tukaondoka.

Alitupokea Paris, tukapumzika, kisha akatupeleka kituo cha Gare de Lyon. Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1900, na mnara wake wa saa una urefu wa mita 67. Mwalimu alisimama akiutazama kwa muda mrefu, kisha akanisimulia jambo alilolisoma: hadi mwaka 1911, saa za ndani ya vituo vya Ufaransa ziliwekwa nyuma ya saa za nje kwa dakika 5, ili anayefika anahema asiachwe na treni. Siku hizi huruma hiyo haipo. Milango ya TGV, treni yao ya mwendo kasi, inafungwa dakika 2 kabla ya muda wa kuondoka, na treni haimngoji mtu. Njia ya Paris hadi Lyon ndiyo ya kwanza kwa TGV, ilifunguliwa mwaka 1981, na inachukua kama saa mbili. Nje ya dirisha mashamba ya ngano yalipita kwa kasi mpaka macho yakachoka. Nilishukuru kwa uzuri wa chombo kile, lakini moyoni nilikuwa bado natembea kwa mwendo wangu wa zamu: fika, maliza, ondoka.

Jioni, mezani kwa binti yetu, nikamwambia lililokuwa likinikera. Niliona haya kutumia fedha na siku kwa ajili ya kutazama tu, wakati nyumbani kuna wagonjwa na fundi anangoja saruji. Akanijibu kwa historia ya nchi anayoishi. Mwaka 1936, baada ya wafanyakazi kugoma na kukaa ndani ya viwanda vyao, serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria iliyompa kila mfanyakazi wiki 2 za likizo yenye malipo. Waziri mdogo aliyeitwa Léo Lagrange akafanikisha tiketi ya treni ya likizo, yenye punguzo la asilimia 40. Kiangazi hichohicho mamia ya maelfu ya watu wa viwandani na madukani walipanda treni na familia zao, na wengi wao waliiona bahari kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Wiki hizo ziliendelea kuongezwa, na tangu mwaka 1982 ni 5. “Mama,” akasema, “watu hao walikuwa maskini, na walikuwa na wagonjwa wao pia. Waliona kupumzika ni sehemu ya ujira.” Usiku huo nililala nikimfikiria mama wa kiwandani, amekaa dirishani na watoto wake, anangoja kuiona bahari.

Binti yetu alikuwa ametununulia pasi za reli zinazouzwa kwa wageni wanaotoka nje ya Ulaya. Kwa pasi hiyo unachagua siku zako za kusafiri. TGV inadai uweke nafasi kabla, lakini treni za mikoa, zinazoitwa TER, unapanda tu na kukaa popote. Alitushauri tushike za mikoa. Alitupangia hoteli ndogo karibu na vituo, akatuandikia majina ya vijiji kwenye karatasi, akarudi kazini kwake. Tukabaki wawili.

Tulianzia Clermont-Ferrand, mji ulio chini ya mlolongo wa volkano zilizolala. Kanisa kuu la mji huo limejengwa kwa mawe meusi ya lava. Mwalimu amefundisha habari za volkano tangu ujana wake, na aliweka kiganja chake juu ya ukuta ule akakiacha hapo. Wanafunzi wake wanajua siku hiyo ilikuwaje, maana hadi leo anawasimulia.

Kutoka Clermont-Ferrand hadi Nîmes kuna reli iliyokamilika mwaka 1870. Watu wa huko wanaiita Cévenol. Ina mahandaki zaidi ya 100 na madaraja ya mawe yaliyojipinda kufuata mlima. Kwa barabara pana za leo mtu angefika upesi zaidi, lakini treni hii inafuata korongo la mto Allier, mahali ambapo kwa sehemu kubwa hakuna barabara ya gari kando ya maji. Kuna reli, mto, misitu na mawe. Inachukua kama saa tano. Tulikaa ubavu kwa ubavu, mkate, jibini na pichi vikiwa mapajani.

Fundi wetu alikuwa ameshapiga simu asubuhi kuhusu nondo, na shemeji alikuwa ameandika kuhusu kikao. Baada ya kituo cha Langeac mtandao ukakatika. Tuliingia handaki, tukatoka kwenye mwanga, tukaingia jingine, na simu zikawa kimya. Tulikaa hivyo muda mrefu. Kisha Mwalimu akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye maji, “Hivi, mama, usiku wa zamu, wakati mnangoja mtoto azaliwe, huwa unawaza nini?”

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 30, na swali hilo lilikuwa jipya kwangu. Nikamweleza habari za saa tisa ya usiku, wodi inapotulia na mwili unapodai kulala. Nikamweleza kuhusu mtoto aliyezaliwa umeme umekatika, tukimulika kwa tochi za simu. Kisha nikamweleza kuhusu mama mmoja aliyetoka damu isiyozuilika, tukapigana hadi alfajiri, tukampoteza, na mama mkwe wake alikuwa amekaa nje na khanga mpya za kumpokelea mjukuu. Asubuhi ile nilirudi nyumbani, nikamtilia Mwalimu chai, sikusema neno.

Alinyamaza mpaka treni ikatoka kwenye handaki lililofuata. Kisha akasema, “Naikumbuka. Ulifua mashuka yote ya nyumba. Nilijua kuna jambo, lakini nilikuwa na kipindi cha kwanza.” Naye akaniambia la kwake. Usiku wa zamu zangu alikuwa halali. Alisahihisha madaftari mpaka saa nane, akawasha taa ya barazani na kuiacha ikiwaka, ili nikirudi gizani nione mtu ananingoja. Nami miaka yote hiyo nilikuwa naikuta taa hiyo asubuhi na kuizima, nikihesabu uniti za umeme.

Tulilia, sioni haya kusema. Abiria waliokuwa karibu walitazama mto. Upendo huo wote ulikuwapo nyumbani kwetu, kwenye taa na kwenye mashuka, ila tulikosa muda wa kuambiana. Hatukuwahi kukaa saa tano mfululizo, bega kwa bega, bila kazi mkononi na bila mtu wa kutuita. Reli ile ilitupa saa hizo. Namshukuru Mungu kwa waliochimba mahandaki yale.

Kutoka hapo haraka ilinitoka. Tulipofika mji mdogo na kukuta maduka yamefungwa kwa chakula cha mchana, tulikaa kwenye benchi chini ya mti mpaka yafunguliwe. Treni ikitupita, tulingoja nyingine. Jua la mwezi wa sita kule linachelewa kuzama, saa tatu usiku mwanga bado upo, nasi tulitembea mkono kwa mkono, jambo ambalo watu wa umri wetu hatulifanyi Morogoro.

Kwenye milima ya Pyrénées tulipanda Treni ya Manjano. Inaanzia Villefranche-de-Conflent, mji wenye kuta za ngome, na kupanda kilomita 63 hadi Latour-de-Carol. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1910, na njia nzima ikakamilika mwaka 1927. Inakwenda kwa umeme wa maji ya milima hiyohiyo, na kiangazi inafunga behewa la wazi, lisilo na paa. Kituo cha Bolquère-Eyne kipo mita 1,592 juu ya usawa wa bahari, na hakuna kituo cha shirika la reli la Ufaransa kilicho juu zaidi. Kwenye vituo kadhaa vidogo treni haisimami mpaka abiria aoneshe kuwa anataka kupanda au kushuka.

Mwalimu aliinama kutazama reli akaniambia, “Mita moja, kama yetu.” Upana wa reli ile ni mita moja, sawa na Reli ya Kati ya zamani, ile iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mwalimu alizaliwa Kilosa, jirani kabisa na reli hiyo. Akanisimulia jinsi alivyokuwa akikimbia kila aliposikia honi, awapungie mkono abiria, na jinsi alivyojiuliza usiku watu wale wanakwenda wapi. Hamu yake ya jiografia ilianzia hapo. Nimekuwa mke wake tangu ujana wangu na habari hiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza, upepo wa baridi kama wa milimani Mgeta ukitupiga usoni. Kila tulipowapita watu wanaotembea milimani, aliwapungia. Nao walimpungia.

Tukapitia Toulouse hadi Lourdes, maana sisi ni Wakatoliki na jumuiya yetu isingetusamehe tungelipita eneo hilo bila kusali. Ni mji ambao Bernadette Soubirous alitokewa na Mama Maria mwaka 1858. Saa tatu usiku huwa kuna maandamano ya mishumaa, na wagonjwa ndio wanaotangulia, kwenye viti na mikokoteni ya rangi ya buluu. Wanaosukuma ni watu wa kujitolea, na wengi wao wanatumia likizo zao za mwaka kwa kazi hiyo. Kama muuguzi, niliwatazama mikono. Walikuwa na subira ambayo naijua, ile inayokuwapo mwanzo wa zamu na kupungua inapokaribia kuisha. Hapo hofu yangu ya zamani ilinitoka. Nilikuwa nimeamini kwamba saa ninayopumzika nimemnyima mtu mwingine. Wagonjwa wale walikuwa wanahudumiwa vizuri kwa sababu waliowahudumia walikuwa wamepata siku mbali na ajira zao. Aliyepumzika ana cha kutoa.

Mwisho tukafika Marseille. Mbele ya kituo cha Saint-Charles kuna ngazi pana za mawe, vidato 104, na kutoka juu unaona mji wote na kanisa la Notre-Dame de la Garde kilimani. Marseille ina jamii kubwa ya Wakomoro, na kwenye soko la mtaa wa Noailles tulikuta mihogo na ndizi za kupika. Mama mmoja wa Kikomoro alitusikia tukizungumza Kiswahili akageuka kwa furaha. Lugha yake na yetu ni ndugu, tukaelewana kwa kusaidiana. Akatuuliza tumekuja kwa nani, na kuna shughuli gani. Nikasikia sauti yangu ikijibu bila kujitetea, “Hakuna shughuli. Mimi na mume wangu tunatembea tu.” Akanitazama, akanishika mkono, akasema Mungu atuzidishie.

Tuliporudi nyumbani tuliyakuta yote tuliyoyaacha. Nyumba haijaisha, harusi zinaendelea, wagonjwa wapo. Sisi ndio tuliokuwa tumebadilika, na mabadiliko hayo naweza kuyaonesha.

Kila mwaka unapoanza, tunakaa na kalenda na kuandika kwanza wiki moja yetu wawili, kabla ya saruji na kabla ya vikao. Ndugu tumewaambia mapema, na wameizoea. Michango tunatoa kama zamani, misiba tunahudhuria. Mwalimu aliomba ratiba yake ipangwe ili siku ninayotoka zamu ya usiku asiwe na kipindi cha kwanza. Tunakunywa chai barazani, ananiuliza usiku ulikuwaje, nami namwambia, hata pale ulipokuwa mbaya. Tangu tuanze hivyo, kuna uzito ambao siubebi tena peke yangu hadi jioni.

Treni nazo tumezishika. Mwaka 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza kati ya Dar es Salaam na Morogoro na kisha kufika Dodoma, tulipanda tukaenda Dodoma kula zabibu na kurudi. Ni nzuri na ina kasi. Lakini wiki yetu ya pili tuliipa reli ya zamani, ile ya mita moja, kuelekea Kigoma. Tulipopita Kilosa, Mwalimu alisimama dirishani, na watoto waliokuwa pembeni mwa reli walipopunga mikono, akawapungia wote.

Wodini kwangu pia kuna badiliko. Nasimamia wauguzi vijana, na wengi wana malimbikizo ya likizo wanayoyaona kama ushahidi wa uchapakazi. Siku hizi nawaita mmoja mmoja na ratiba mkononi, tunatafuta wa kushika nafasi yake, na aondoke. Nimeona wanavyorudi. Mkono wa mkunga aliyelala vizuri unagundua mapema mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na mama anayejifungua anasikia tofauti katika sauti inayomtuliza.

Najua si kila mtu ana binti Lyon. Tuliyopewa kule hayakutegemea Ufaransa peke yake. Yalitaka watu wawili wanaopendana, viti viwili vilivyo pamoja, mwendo wa taratibu, na simu isiyopata mtandao. Hayo yanapatikana kati ya Morogoro na Tabora, kwenye meli ya Ziwa Victoria, au kwenye basi la kwenda Lushoto mkiondoka nalo mchana badala ya alfajiri.

Kwa hiyo nawaomba wafanyakazi wenzangu, walimu, wauguzi, makarani, askari, madereva: zungumzeni na wenzi wenu tarehe za likizo mapema, mziombe zikutane, mzilinde kama mnavyolinda tarehe ya harusi ya mtoto. Likizo yenye malipo haikuangukia watu kutoka mbinguni. Kuna walioipigania kwa migomo na kuiandikia sheria, wakijua kwamba mwili wa mfanyakazi na nyumba yake vina thamani kubwa kuliko kazi ya siku hizo. Ichukueni yote. Na kabla hamjaigawa kwa shamba, ujenzi na ndugu, kateni sehemu yenu ninyi wawili, kisha mwende mahali, mkae pamoja mpaka muulizane yale ambayo hamjawahi kuulizana.